Ndugu yako amekatazwa kuendesha gari Uingereza? Usimutumie permi ya Bukavu, soma hii mbele

Ba yaya, ba dogo, ba mama wenye muko na watoto kule Uingereza, naandika hii juu ya jambo yenye inarudi kila mara hapa Bukavu. Simu inalia usiku, ni kijana wa familia iko Manchester ao Sheffield, anasema tribinali imemukataza kuendesha gari mwaka moja, sasa anaomba "munifanyie permi mupya hapo nyumbani mutume haraka, kazi inaanza lundi". Na sisi huku, juu tunamupenda na juu tunajua ile kazi yake njo inalipa minerval ya wadogo, tunaanza kutafuta mutu mwenye anajua mutu. Tafazali musifanye. Hiyo permi haitamusaidia kitu, na siku polisi watamusimamisha nayo, makosa yake yatakuwa mengi kuliko yenye alikuwa nayo mbele.

Kitu chenye watu hawaelewi ni hiki: kule tribinali haikatazi kadi, inakataza mutu. Hapa kwetu tumezoea kwamba shida iko ku karatasi, rulaji anakukamatia permi pale Nyawera, unaifwata, unalipa, unaichukua, kiisha unarudi mu usukani sawa hakuna kitu kilipita. Kule hakimu akisema umekatazwa kushika ao kupata permi kwa miezi fulani, ile amri inakaa juu ya jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa. Ata uwe na permi tano za inchi tano tofauti, mu barabara za Uingereza hauna ata moja. Permi ya Congo inayotolewa leo na CONADEP, ile biro ya serikali yetu ya permi, ya kweli kabisa yenye sinyature zote, haifungue mulango wenye hakimu alifunga.

(Yote nitaeleza hapa ni sheria ya Uingereza na Wales, Scotland wako na tribinali zao na adhabu inaweza kupanda zaidi, na Ireland ya Kaskazini nayo iko na zake. Sheria yetu ya hapa, ile ya tarehe 30 Agosti 1978 juu ya njia na magari, haina kazi kule.)

Namna gani mutu anafika pale

Kuna njia mingi lakini zenye nasikia sana ni tatu. Ya kwanza ni pombe. Kule kipimo cha pumzi ni mikrogramu 35 ndani ya mililita 100 za pumzi, ukipita hapo hakimu anapashwa kukukataza angalau miezi 12, haiko kwa mapenzi yake, na ukirudilia mu miaka 10 inakuwa angalau miaka 3. Ya pili ni alama. Kila kosa la mwendo kasi, simu mu mukono, gari bila asiransi, linaweza kuweka alama ku permi, na ukifikisha 12 mu miaka 3 unakatazwa angalau miezi 6. Ya tatu njo inauma ba ndugu zetu wapya zaidi, inaanza polepole bila mutu kujua: anafika na permi ya Congo, anaruhusiwa kuendesha nayo miezi 12 toka siku alianza kuishi kule, kiisha anaendelea mwaka wa pili sawa ni kawaida. Congo haiko mu liste ya inchi zenye permi yao inabadilishwa tu ku biro, kwa hiyo baada ya ile miezi 12 anapashwa kuomba permi ya mwanafunzi, kufanya egzamini ya maandishi na ya barabara, mwanzo mupaka mwisho. Akiendelea bila hiyo, permi haina kazi, na asiransi nayo mara mingi inaanguka, juu asiransi ilitegemea permi. Gari bila asiransi ni alama 6 mupaka 8 kwa mara moja. Mara mbili hivi, tayari uko ku 12.

Kuna jambo lingine lenye linafanana na hili lakini si sawa, na tofauti yake ni kubwa sana. Mutu mwenye alipata permi ya kule na haijafika miaka 2, akipata alama 6 tu, permi yake inafutwa na DVLA, ile biro ya permi yenye iko Swansea. Huyo hajakatazwa na tribinali. Anaweza kuomba permi ya mwanafunzi siku iyo iyo, aweke ile herufi L ku gari, akae na mutu mwenye permi pembeni, arudilie egzamini. Kwa hiyo kijana akipiga simu na kusema "wamenitosha permi", swali yako ya kwanza iwe: ni tribinali ao ni barua ya DVLA? Muambie akusomee barua neno kwa neno, ata kama Kingereza chako ni kidogo, mutafute mwenye anaelewa, juu chenye atafanya kesho kinategemea jibu la ile swali.

Akikamatwa anaendesha wakati amekatazwa

Kule hawangoje barriere. Magari ya polisi na kamera za barabarani zinasoma nambari ya plaki, zinatoa jina la mwenye gari na kama asiransi iko, na polisi wakikuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa wanaona ndani ya dakika kama uko umekatazwa. Hakuna kuongea pembeni. Na usijaribu kumupa polisi kitu mu mukono, kule hiyo inakuwa dosie ingine kubwa.

Adhabu yenyewe: gereza mupaka miezi 6, ao amandi yenye haina mwisho uliowekwa na sheria, ao vyote viwili. Hakimu anaweza pia kukupa kazi za bule kwa ajili ya jamii. Juu ya hiyo, alama 6, ao wanakuongezea muda mwengine wa kukatazwa, na ukitumwa gereza ule muda unarefushwa ili usiumalizie ndani ya selo. Mu rekodi yako ya permi inaandikwa kodi BA10 na inakaa miaka 4 toka siku ya kosa, na karibu kila mara inafwatana na IN10 ya kuendesha bila asiransi, juu mutu amekatazwa hana asiransi ata kama analipa kila mwezi. Makampuni ya asiransi yanauliza miaka 5 nyuma, kwa hiyo ata siku ya kurudi ku usukani bei inakuwa kubwa mupaka wengine wanaacha gari kabisa.

Gari nayo inakamatwa pale pale. Inapelekwa ku parking yao, kila siku inahesabu franga, na wasipoifwata inaweza kuuzishwa ao kusagwa.

Mutu akiumia njo mambo inabadilika kabisa. Ukiwa umekatazwa na ukasababisha mutu aumie sana, gereza inaweza kufika miaka 4. Akikufa, miaka 10. Naomba musome ile nambari tena. Mufikiri kijana wa miaka 24 mwenye alikuwa amebakiza miezi 3 amalize muda wake.

Alafu kuna karatasi za kukaa. Mwenye anangoja ruhusa ya kukaa milele ao uraia, ile fomu inauliza makosa yote ya tribinali, na uraia wanaangalia kama mutu ana tabia muzuri. Kuendesha wakati hakimu amekukataza hawaione sawa kosa la barabara tu, wanaona ni mutu mwenye alisikia amri ya tribinali na akaikanyanga. Familia zingine zilitoka kambi, zikangoja miaka mingi kufika kule. Kupoteza ile nafasi juu ya safari ya dakika kumi ya kwenda ku duka, hapana.

"Sikujua" haikuokoe, lakini kuna kitu cha kufanya

Sheria ya kule haiulize kama ulijua umekatazwa. Inauliza tu: ulikuwa umekatazwa, ndiyo ao hapana, na ulikuwa unaendesha, ndiyo ao hapana. Na hii inaangukia watu wetu juu wanahama sana, leo nyumba ya serikali huku, kesho kwa mujomba mu muji mwengine, barua za tribinali zinafika ku adresi ya zamani, kesi inapita bila yeye, anahukumiwa hayuko.

Kama njo hivyo ilipita, kuna njia. Anaenda ku tribinali ao kwa avoka, anaapa kwa maandishi kwamba hakujua kesi ilikuwepo. Ana siku 21 kuanzia siku alipojua. Akifanya hivyo ile hukumu inaanguka na kesi inaanza mupya, safari hii na yeye mwenyewe yuko. Lakini hii haifute safari alizofanya mbele ya kuapa, kwa hiyo siku anapata habari aache gari pale iko, asiipeleke ata nyumbani. Na asidanganye mu kile kiapo, juu kuapa uongo ni kosa yake yenyewe.

Kama alikuwepo na anaona hukumu haikuwa ya haki, anaweza kukata rufani ku tribinali ya juu, siku 15 za kazi baada ya hukumu. Kukata rufani peke yake hakumurudishie usukani. Anapashwa kuomba tribinali isimamishe ile amri wakati rufani inangojewa, na wanaweza kukataa. Wengi wanachanganya hapa, wanafikiri karatasi ya rufani ni permi.

Siku ya tribinali

Asiende na gari. Narudilia, asiende na gari. Amri inaanza pale hakimu anafunga kinywa chake, haiko kesho, haiko saa sita ya usiku. Mutu anatoka mulangoni, anaingia mu gari yake yenye alipaki pembeni, anawasha, tayari ameshafanya kosa. Aende na bisi, ao aende na mutu mwenye permi na asiransi ya ile gari.

Aombe mukalimani mapema, ni bule mu kesi za makosa, na aseme wazi ni Kiswahili cha Congo anataka, juu mukalimani wa Mombasa na kijana wa Kadutu wanaweza kusikilizana vizuri ku salamu na wakapotezana ku maneno ya kesi. Kama anaelewa zaidi Mashi ao Kinyamulenge ao Lingala, aseme iyo. Asione haya.

Kama ni alama 12, kuna kitu kimoja chenye kinaweza kuzuia kukatazwa ao kupunguza muda: kuonyesha kwamba familia itapata taabu ya kupita kiasi, na lazima aseme mbele hakimu aamue. Kupoteza kazi peke yake mara nyingi haitoshi, wanataka kuona nani mwengine ataumia. Mama mugonjwa mwenye anapelekwa ku hospitali kila wiki na hakuna mwengine, mutoto mulemavu, barua ya bosi, barua ya daktari. Alete karatasi, asilete maneno tu. Na sababu akishaitumia mara moja, hawezi kuirudisha ile ile mu miaka 3 inayofwata, kwa hiyo aifikiri na avoka.

Ku polisi nayo: akikamatwa, avoka wa pale kituoni ni bule, kwa kila mutu, ata mwenye ana mali. Amuitishe mbele ya kujibu swali. Hapa kwetu Katiba inasema gardavi isipite masaa 48, kule kwa kosa sawa hili ni masaa 24, kwa hiyo asikubali kuongea haraka juu ya woga wa kulala pale. Na asitaje jina la ndugu yake. Hii nimeisikia na inaniumiza sana, vijana wawili wamefanana, moja amekatazwa mwengine hapana, anatoa jina la mudogo wake. Wakivumbua (na wanavumbua, juu ya picha, vidole, kamera), hiyo ni kuharibu kazi ya haki, adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha, na mudogo naye anaingizwa mu dosie yenye hakuijua.

Kwa wenye kumupa ufunguo

Hii sehemu ni ya ba dada na ba bibi wa nyumba. Ukimupa gari yako mutu mwenye amekatazwa, wewe umeruhusu gari itembee bila asiransi, na hiyo ni alama 6 mupaka 8 juu yako, pamoja na amandi, na gari ni yako njo itakamatwa. Akigonga mutu, asiransi inaweza kulipa yule aliyeumizwa kiisha ikakufwata kwa ile franga. Najua ni vigumu kumunyima bwana yako ufunguo mbele ya watoto. Weka ufunguo kwa rafiki, weka ku kazi, sema "gari iko na shida", lakini usitoe. Na ile ya "ananisogezea tu mu barabara ili kina voisin wapite" nayo ni kuendesha.

Watu wanauliza pia juu ya trotineti za umeme zile zinajaa mu miji. Kule sheria inazihesabu sawa gari ya mota, kwa hiyo mwenye amekatazwa asipande. Velo ya kawaida inaruhusiwa, na ile velo ya umeme yenye unasaidia na miguu nayo, ikiwa inafwata kipimo cha sheria yao. Pikipiki, hapana.

Na mutoto akiugua usiku? Wapige 999, waite ambulansi, ao waite taksi ao jirani. Tribinali inakubali mara chache sana kwamba hakukuwa na njia ingine, na kwanza watauliza kama ulipiga simu.

Kumaliza muda na kurudi

Kama alikatazwa chini ya siku 56, permi yake inarudi na nguvu muda ukiisha, hana fomu ya kujaza, lakini aangalie mbele ku site ya serikali GOV.UK kama rekodi imefunguka. Kama ni siku 56 na kuendelea, permi ya zamani imekufa, anapashwa kuomba mupya. DVLA wanatuma fomu yenye inaitwa D27 siku 56 mbele muda uishe, kwa hiyo wawe na adresi yake ya sasa. Hapa njo watu wengi wanakamatwa mara ya pili bila kujua: wanahesabu mwaka, unaisha, wanaingia mu gari siku iyo, na hawajaomba permi. Hawako tena wamekatazwa, lakini hawana permi, na asiransi itasema haiko.

Kuna wale hakimu alisema wamekatazwa "mupaka wapite egzamini". Kwao muda ukiisha bado hawajaachiliwa. Wanaomba permi ya mwanafunzi, wanaweka L, wanakaa na mutu mwenye permi, wanafanya egzamini. Wakiendesha peke yao mbele ya kuipita, inahesabiwa tena ni kuendesha wakati umekatazwa, na ile miezi 6 ya gereza iko pale.

Wa pombe nao: tribinali inaweza kuwapa kozi, na wakiimaliza muda unapungua mupaka robo moja, waikubali siku wanapoulizwa. Waliokamatwa na kipimo cha juu sana, ao mara mbili mu miaka 10, ao waliokataa kupima, DVLA inawaomba wapite kwa daktari mbele ya kupewa permi, na fomu yao inatumwa siku 90 mbele.

Na mwenye alikatazwa muda mrefu anaweza kuomba tribinali ile ile imuondolee amri mbele ya mwisho. Kama ilikuwa chini ya miaka 4, anaomba baada ya miaka 2. Miaka 4 mupaka chini ya 10, baada ya nusu. Kumi na kuendelea, baada ya miaka 5. Wanaangalia tabia yake toka siku ile, kazi yake, sababu zake. Mwenye alikamatwa anaendesha katikati ya muda amejiharibia hii nafasi kwa mukono wake.

Kwa hiyo usiku simu ikilia, kama familia ya Essence ao Panzi iko tayari kuchanga franga, musizipeleke kwa mutu wa permi. Zitumwe zimusaidie kulipa bisi na taksi ya kwenda kazi, ao kumulipa avoka kama siku 21 ao siku 15 hazijapita, ao kulipia egzamini ya permi ya kule siku yake ikifika. Na mbele ya kukata simu, mumuulize vitu vitatu na muandike majibu: tarehe hakimu alisema amri, miezi ngapi, na kama kulikuwa maneno "mupaka upite egzamini". Akisema hajui, mwambie apigie tribinali kesho asubui, gari ibaki penye iko.